Saa ya mzee wa Kanyabayonga: namna ya kujua kama saa ya zamani ni orijinali

BUTEMBO – Katika nyumba nyingi za Butembo, Beni na Lubero kuna saa ya mkono ya zamani ambayo haiko kwenye mkono wa mtu. Iko ndani ya kopo la maziwa, ama imefungwa kwenye leso pamoja na kadi ya ubatizo. Ni saa ya baba, ama ya babu. Siku moja ilisimama, fundi akakosa kipande, watu wakanunua simu, na habari yake ikaishia hapo.

Siku hizi saa hizo zinatoka kwenye leso kwa sababu mbili zisizofanana. Wako vijana wenye kazi ambao wanazitaka, kwa sababu zimechoka kwa uzuri na hazifanani na saa mpya za sokoni. Na ziko familia zilizokimbia vita ambazo zinauza kile kidogo zilichoweza kubeba. Katikati yao anasimama mchuuzi. Mtu asiyejua saa, awe anauza ama ananunua, hapo ndipo anapoliwa.

Saa hizi hazikufika huku kwa bahati tu. Wafanyabiashara wa Butembo walizoea tangu zamani kupitisha kahawa Kasindi, kuingia Uganda, mpaka bandari ya Mombasa, na kurudi na vitu vya kuuza. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil. Bei ya kahawa ikapanda dunia nzima, na mwaka 1977 ikafika juu sana. Baadaye wafanyabiashara wetu wakaanza kufika wenyewe Dubai, Hong Kong na Guangzhou. Saa ni kitu chepesi kubeba. Mkulima aliyeuza kahawa vizuri mlimani alionekana kwa bati jipya, kwa baiskeli, na kwa kile kilichong'aa mkononi siku ya Jumapili.

Saa inayotafutwa sana na wanaoanza ni Seiko 5. Seiko, kampuni ya Japani, ilianza kutoa saa za jina hilo mwaka 1963. Ile tano ni mambo matano yaliyoahidiwa: saa inajijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, siku na tarehe ziko kwenye dirisha moja, maji hayaingii kirahisi, kifundo cha kurekebishia kimejificha kwenye namba 4, na kasha pamoja na mkanda ni vya kudumu. Haina betri. Ndani kuna kipande cha chuma kama nusu ya sahani ambacho kinazunguka mtu akitembea, na kule kuzunguka ndiko kunakoikaza springi.

Muuguzi mmoja wa Butembo, kijana ambaye hajafika miaka thelathini, aliitafuta saa ya namna hiyo kwa miezi minne. Hakuwa na haja ya mapambo. Alichoka kuhesabu mapigo ya moyo wa mgonjwa huku akitazama simu, kwa sababu simu inazimika, inaita, na familia ya mgonjwa inafikiri muganga anasoma ujumbe wake. Wakati wa Ebola, kuanzia mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020, mkono wa mtu wa afya haukutakiwa kuwa na kitu, ulikuwa wa klorini tu. Ugonjwa ulipokwisha alitaka mshale wa sekunde urudi mkononi mwake.

Watu walimwambia saa ya zamani haishiki saa vizuri, kwa hiyo haifai hospitalini. Hapa hesabu inasaidia. Saa nzee inayochelewa dakika mbili kwa siku nzima inaonekana mbovu. Lakini siku ina dakika 1,440, na ukizigawa zile sekunde 120 kwa dakika hizo, unakuta kwamba ndani ya dakika moja saa imekosea chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa kuhesabu mapigo hilo si kosa. Kwa kuwahi basi la Beni, ni jambo lingine.

Saa ya kwanza aliyoonyeshwa ilikuwa mjini Beni, kwa muuzaji wa barabarani. Ilipendeza kupita kiasi. Uso wake ulikuwa wa rangi ya chungwa, kasha linang'aa kama kijiko kipya, na muuzaji aliapa kwamba ni orijinali ya miaka ya 1970. Aliitaka dola 60. Kwenye uso kulikuwa kumeandikwa vito 21, na muuzaji akaeleza kwamba vito hivyo peke yake ni mali. Si kweli. Vile vito ni rubi ndogo za kiwandani ambazo ekseli za magurudumu huzungukia ili zisilike haraka. Mtu akivitoa vyote na kuvipeleka sokoni hatapata feza ya kununulia kikombe cha chai.

Muuguzi alikuwa na bahati ya kwenda na fundi wa saa, mtu wa makamo mwenye meza ndogo pembeni ya soko kuu la Butembo, ambaye siku hiyo alikuwa na safari yake Beni. Fundi hakutazama rangi. Aligeuza saa na kusoma mgongo. Kwenye mgongo wa Seiko za miaka ile kuna namba mbili. Moja ni ya tarakimu nne, kistari, kisha alama nyingine nne. Zile nne za kwanza ni jina la mashine iliyo ndani, na zinazofuata kistari ni za kasha. Namba ya pili ni ya saa yenyewe, na mara nyingi ina tarakimu sita. Ya kwanza kati ya hizo sita ni tarakimu ya mwisho ya mwaka saa ilipotengenezwa, na ya pili ni mwezi. Mwezi wa kumi huandikwa kwa alama ya O, wa kumi na moja kwa N, na wa kumi na mbili kwa D.

Mgongo wa saa ya Beni ulisema 6119. Fundi akaomba aifungue. Muuzaji akakataa, akasema vumbi litaingia. Fundi akajibu kwa upole, “Kaka, kama hatufungui, basi hatununui.” Ikafunguliwa. Ndani, juu ya kile chuma kinachozunguka, kulikuwa kumeandikwa 7009A, vito 17.

Basi mgongo unasema hivi, tumbo linasema vile, na uso una wimbo wake. Kasha lilitoka kwenye saa moja, mashine kwenye nyingine, na uso ulipakwa rangi upya na mtu asiyekuwa wa kiwandani. Ukitazama kwa kioo cha fundi unaona herufi nene, zilizovimba kidogo, na vistari vya dakika ambavyo havielekei katikati sawasawa. Chini kabisa ya uso, karibu na namba 6, Seiko huweka maandishi madogo sana ambayo jicho la kawaida halisomi kwa urahisi, na ndani yake imo namba ya mashine. Kwenye saa ya Beni mahali pale palikuwa pamepakwa chungwa tupu. Wakusanyaji wa saa duniani kote wanajua kwamba saa nyingi za namna hiyo hurembwa upya kwenye vibanda vya Mumbai, India, kisha kuuzwa mbali.

Je, ni feki? Hapana, na hapa watu wengi wanachanganya. Ile mashine ni ya Seiko kweli, na ilikuwa inatembea. Mtu akiinunua dola 15 huku akijua ni saa ya kuunganishwa, hajaibiwa. Uongo ulikuwa kwenye neno “orijinali” na kwenye zile dola 60. Muuzaji mwenyewe, alipoonyeshwa namba, alionekana hajui. Naye aliuziwa hivyo.

Kuna udanganyifu mwingine mdogo ambao hauhitaji kufungua chochote. Tazama mshale wa sekunde. Tangu tarehe 25 mwezi wa kumi na mbili 1969, Seiko ilipotoa saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi kuuzwa kwa watu, dunia ina aina mbili za mwendo. Saa ya betri, kwa kawaida, huruka mara moja kila sekunde. Saa ya springi hutembea kwa hatua ndogondogo, kama maji yanayotiririka. Mashine ya 7009 hupiga hatua sita kila sekunde. Uso ukisema saa inajijaza yenyewe na mshale unaruka mara moja moja, umewekewa betri tumboni. Tena, nyingi za Seiko 5 za zamani hazijazwi kwa kuzungusha kifundo. Muuzaji anayekizungusha kwa bidii mbele yako ili “kuijaza” anakuchezea ngoma isiyo na sauti, ama naye haijui saa yake.

Kwa wale wanaovutwa na saa nzee zaidi za Uswisi, ambazo mara chache hutokea kwenye masanduku ya mapadri na makarani wa wakati wa Wabelgiji, kuna neno moja la afya. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zenye namba za kung'aa gizani zilipakwa radiumu. Haing'ai tena, lakini sumu yake iko palepale. Usikwangue uso wala mishale, usipulize unga wake, na usimpe mtoto achezee ikiwa imefunguliwa. Na radiumu hiyo si jambo geni kwetu. Tangu mwaka 1922 sehemu kubwa ya radiumu ya dunia ilitengenezwa Olen, Ubelgiji, kutokana na mawe ya Shinkolobwe, Katanga. Mtu anaweza kubeba mkononi vumbi la Kongo lililosafiri mpaka Uswisi na kurudi. Saa zilizofuata zilitumia tritiumu, na nyingi huonyesha herufi T ndogo pande mbili za maneno “Swiss Made”. Hiyo ina hatari ndogo zaidi, lakini nayo si ya kukwangua.

Saa ambayo muuguzi aliinunua mwishowe haikutoka sokoni. Mama mmoja mwenye umri mkubwa alikuwa anakuja kwenye kituo cha afya kupimwa presha, akisindikizwa na mume wake. Walitoka Kanyabayonga, kusini mwa teritware ya Lubero, mwezi wa sita 2024, siku zile M23 walipoingia katika mji huo. Siku hizi wamehifadhiwa na binti yao hapa Butembo, watu tisa katika vyumba viwili. Mzee alimwona kijana akihesabu mapigo ya mke wake huku akitazama simu.

“Muganga, hauna saa?”

“Papa, ninatafuta, sijapata.”

“Iko moja kwangu. Nilitoka nayo mkononi, ndiyo sababu haikubaki.”

Wiki iliyofuata akaileta ndani ya mfuko wa plastiki wa sukari. Ilikuwa Seiko 5 yenye uso wa kijivu uliogeuka kuwa kama chai ya maziwa, na doa la unyevu karibu na namba 8. Mkanda ulikuwa wa ngozi ya kushona hapa hapa. Mtu wa kawaida angechagua ile ya chungwa ya Beni bila kufikiri.

Mzee aliitaka dola 10. Mchuuzi mmoja alikuwa amekwisha kumwambia 8, akaongeza kwamba saa za mashine hazina tena soko. Feza ilitafutwa kwa jambo moja la haraka: mjukuu alikuwa kwenye mwaka wa mwisho wa sekondari, na gharama za kushiriki mtihani wa taifa, Exetat, zilikuwa hazijatimia.

Dola 10 muuguzi alikuwa nazo mfukoni siku hiyo hiyo. Hakuzitoa. Alimwambia mzee, “Papa, kwanza tuende wote kwa fundi.” Nyumbani mke wake alimwuliza, na swali lilikuwa la haki: mtu akitaja bei yake mwenyewe, wewe unatafuta nini zaidi? Jibu lake lilikuwa kwamba mzee hajui anachouza, na yeye kila mwezi atakuwa anampima yule mama presha. Bado walibishana siku mbili. Mshahara wa muuguzi katika mji huu kila mtu anaujua.

Kwa fundi, saa ilifunguliwa mbele ya wote watatu. Mgongo: 7009. Tumbo: 7009A, vito 17. Maandishi madogo chini ya uso: yanaanza na 7009. Tarakimu nne zinazofuata kwenye uso hazikulingana na zile za mgongo, na muuguzi akashtuka. Fundi akamtuliza. Kiwanda kiliupa uso namba yake na kasha namba yake, kwa hiyo zikitofautiana si dalili mbaya. Zile nne za kwanza ndizo lazima zikubaliane.

Namba ya saa ilianza na 8 na 3. Hiyo ni mwezi wa tatu, mwaka unaoishia na 8. Lakini upi? Mashine ya 7009 ilitengenezwa kwa miaka mingi, na namba peke yake haiwezi kutenganisha 1978 na 1988. Mchuuzi angechagua 1978 bila kupepesa jicho, kwa sababu uzee unauzika. Mzee aliulizwa tu aliinunua wapi. Akasema Kasindi, mwaka 1989, baada ya kuvusha kahawa yake, kwa mfanyabiashara aliyerudi safari, na ilikuwa mpya na karatasi yake. Saa mpya haikai dukani miaka kumi na moja. Kwa hiyo ni 1988.

Ndani ya kifuniko cha nyuma kulikuwa na kitu kizuri kuliko namba zote. Mafundi wa saa wana desturi ya kukwangua alama ndogo ndani ya mgongo kila wanapotengeneza saa, ili siku ikirudi wajue walifanya nini. Fundi aliikuta mikwaruzo miwili, ya mikono tofauti. Mmoja ulisomeka 6-94. Wa pili ulikuwa 02 na herufi mbili. Mzee akakumbuka bila kusaidiwa: mara ya kwanza ilikuwa hapa Butembo, ilipoingia maji, mara ya pili Goma. Muuzaji wa saa iliyoporwa hawezi kujibu hivyo.

Jambo hilo la kuporwa halipaswi kupitwa haraka. Nyumba zimevunjwa Kanyabayonga, Oicha, na vijiji vingi vya Beni ambavyo watu wake wamekimbia mara tatu, mara nne tangu 2014. Vitu vilivyotoka kwenye nyumba hizo viko sokoni, na saa ni rahisi kuficha kuliko godoro. Sheria ya Kongo inamwadhibu pia anayenunua kitu huku akijua ni cha wizi. Kabla ya kuuliza bei, muulize mtu ilikuwa ya nani, ilinunuliwa wapi, fundi gani aliigusa, na ina alama gani ambayo haionekani kwa nje. Anayeuza ya baba yake atakuchosha kwa maelezo.

Kasoro zilikuwepo. Kioo kilibadilishwa, ni cha plastiki sasa, na si kile kigumu cha kiwandani. Kifundo cha pembeni si chake: kinatokeza nje, wakati cha Seiko 5 kinatakiwa kulala ndani ya kasha. Mkanda wa chuma ulikatika zamani. Hapo ndipo mnunuzi wa mara ya kwanza anapoanza kusema, “Basi si orijinali.” Fundi hakukubali. Kioo, kifundo na mkanda ni kama viatu na kofia, saa iliyofanya kazi miaka thelathini na zaidi lazima ibadilishe. Kinachoiharibu bei ni uso uliopakwa upya, mishale ya saa nyingine, na kasha lililosuguliwa mpaka kona zake zikawa mviringo. Vitu hivyo vitatu kwenye saa ya mzee havikuguswa. Lile doa karibu na namba 8 ni alama ya maji yale ya 1994, na fundi alikataza lisafishwe, kwa sababu rangi ingetoka pamoja nalo.

Kulikuwa na jambo moja ambalo halikueleweka. Saa ilitembea vizuri, lakini ilikuwa mbele kwa saa nzima. Fundi aliirudisha kwenye saa ya Butembo, kisha akauliza kama ina tabia ya kukimbia. Mzee akacheka. Haikimbii. Ni saa ya Mpondwe. Uganda iko mbele yetu kwa saa moja, na mtu aliyekuwa anavusha kahawa Kasindi alitakiwa kujua ofisi za upande wa pili zinafungwa lini. Kuvusha aliacha zamani, mshale hakuwahi kuurudisha.

Ikabaki bei. Fundi aliulizwa na pande zote mbili, naye akasema saa ya hali hiyo, uso wake wa kiwandani na namba zinazokubaliana, ni kati ya dola 30 na 40. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza yule mchuuzi angeiuza ngapi. Hakuna aliyemjibu. Muuguzi alitoa dola 35: ishirini siku hiyo, kumi na tano mwisho wa mwezi, na saa ikabaki kwa mzee mpaka sehemu ya pili ilipolipwa. Sharti hilo alilileta binti wa mzee, na alifanya vizuri.

Waliandika karatasi kwa mkono, nakala mbili. Ndani yake kuna namba ya mgongo, namba ya saa, tarehe, bei, majina ya wawili hao na ya mashahidi wawili. Picha zikapigwa kwa simu: uso, mgongo, na mashine ikiwa wazi. Wasikilizaji wenye saa nyumbani wanaweza kufanya hivyo leo, hata kama hawauzi. Andika zile namba kwenye daftari la familia, pale zilipo tarehe za kuzaliwa. Na ukiipeleka saa kwa fundi, ifunguliwe mbele yako, upige picha kabla ya kuiacha, kwa sababu mashine nzuri hutolewa na kuwekwa iliyochoka, na kwa nje huoni tofauti. Mafundi wengi wa mji huu ni watu waaminifu, na hao hawakasiriki ukiomba picha.

Mjukuu aliandikishwa kabla ya orodha kufungwa. Mama bado anakuja kupimwa presha kila mwezi, na mume wake akifika hutazama kwanza mkono wa muganga. Kioo kigumu kimepatikana. Kifundo chenye urefu sahihi bado kinatafutwa. Fundi amesema akiletewa 7009 iliyokufa, hata bila uso, atapiga simu.